Kufunga Grupu la Wapenzi wa Taarab: Mwongozo Kamili kutoka Lamu

Grupu la wapenzi wa taarab likidumu miaka mingi, ndani yake hukusanyika vitu vya aina mbili: nyimbo, na maneno ya watu juu ya nyimbo hizo. Nyimbo zina makao kwingine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928, na baadhi ya sahani zake zimehifadhiwa hadi leo. Kanda za waimbaji Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilizokuwa zikiuzwa Mombasa zimeshapandishwa YouTube na watu wengi. Maneno hayana makao mengine. Mzee ameketi kibarazani kwake mtaa wa Langoni, hapa Lamu, akarekodi dakika mbili kueleza kwamba ubeti wa tatu wa wimbo fulani ulikuwa jibu, aliyejibiwa ni nani, na kwamba ile jahazi inayotajwa mle si jahazi bali ni ndoa iliyovunjika. Ujumbe ule uko ndani ya grupu tu. Grupu likifutwa ovyo, au likiachwa lijifie mpaka simu za watu wa mwanzo zikaharibika zote, maelezo yale ndiyo basi tena.

Nimekuwa admini wa grupu la namna hiyo, lenye watu wa Amu (ndiyo Lamu), Malindi, Mombasa, Unguja, Maskati, London na Toronto, na tumelifunga kwa kukubaliana. Ninayoandika hapa ni utaratibu wa kazi hiyo. Rai yangu ni moja: grupu lifungwe kwa siku inayojulikana, wakati wenye kumbukumbu wangali hai na wanaweza kuulizwa. Mengi ya humu yatamfaa pia mwenye grupu la mashabiki wa timu ya mpira au wa tamthilia, ila sehemu ya sauti za wazee ni yetu hasa.

Grupu limekwisha, au ni wewe uliyechoka?

Haya ni mambo mawili na kila moja lina dawa yake. Rudi nyuma miezi mitatu kwenye mazungumzo, usome. Tafuta swali kuhusu wimbo, mtungaji au mpigaji, lililoulizwa na likajibiwa na mtu anayejua. Ukiyakuta maswali ya namna hiyo, grupu li hai. Kama wewe umechoka, waachie wengine usimamizi nawe ubaki msikilizaji. Lakini ukikuta picha za Ijumaa Karim, tanzia, matangazo ya viwanja na ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi", na katikati yake wimbo mmoja uliotumwa bila hata mtu kuuliza nani anapiga udi, basi kazi iliyowakusanya imekwisha na watu wamebaki kwa kuheshimiana tu.

Hali ya tatu ni ugomvi. Usifunge grupu watu wakiwa wamekasirikiana. Subiri mpaka wasuluhishwe, hata ikichukua miezi, kwa sababu aliyeondoka na kinyongo hatakuletea sauti alizo nazo kwenye simu yake, na utazihitaji.

Kujiondoa kimya kimya nako si kufunga. Kwenye WhatsApp admini wa mwisho akitoka, programu yenyewe humpa mwanachama mwingine uadmini bila kumuuliza. Grupu linaendelea na jina lilelile, na asiye na habari ndiye mwenye funguo. Ukifika msimu wa kampeni utasikia jina la grupu lenu likitajwa kwa mambo ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeyakusudia. Wala usitegemee kampuni ikutunzie. Yahoo ilifuta yaliyohifadhiwa kwenye magrupu yake Desemba 2019, na mwaka huohuo MySpace ilikiri kupoteza nyimbo zilizokuwa zimepandishwa kwa miaka 12.

Nikitafuta mfano wa kuaga vizuri, simwendei mtu wa mbali. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi mwaka 1942, alitangaza mwaka 2007 kwamba anaacha kuimba, naye akaishi hadi Aprili 2014. Kwa miaka ile yote wapenzi wake walijua kuwa nyimbo zilizopo ndizo zote, na mwenyewe alikuwapo. Aliyetaka kumuuliza jambo alikuwa na nafasi ya kumuuliza.

Wazee na waanzilishi wasikie kabla ya grupu

Usiwaandikie. Waendee. Aliye hapa mjini, mtaa wa Mkomani au Langoni, mpitie baada ya alasiri anapokuwa barazani. Aliye ng'ambo, mpigie simu saa anayokuwa na nafasi. Nenda kama mtu wa kutaka shauri, si kama mleta taarifa: "Ami, nimekuja kwa shauri. Grupu letu unaliona lilivyo siku hizi. Waonaje?" Halafu nyamaza. Mtu aliyetoa maarifa yake bure kwa miaka ana haki ya kukaa na jambo hili siku mbili tatu kabla ya kukujibu.

Orodha ya watu wa kuwaona isizidi mkono mmoja au miwili: walioanzisha grupu, aliyeshika pesa, wenye sauti nyingi kuliko wengine, na mwanamke mmoja anayesikilizwa na wanawake wenzake humo. Huyu wa mwisho msimruke. Upande wa kina mama una mambo yake, hasa ya picha, ambayo mwanamume hataambiwa.

Wazee watakuja na masharti, na masharti hayo ndiyo yatakayouongoza mpango wenu. Mmoja atasema sauti yake isipelekwe YouTube. Mwingine atataka wajukuu wake wapate nakala. Mwingine atakumbuka kuwa alimtaja mtu vibaya zamani na angependa ujumbe ule uondolewe kabla haujafika mbali. Andika kila sharti na jina la aliyelitoa, kwenye daftari la karatasi.

Siku ya kufunga

Toeni miezi miwili, na msipungukiwe na hapo. Epukeni Ramadhani, epukeni wiki za uchaguzi, na epukeni wiki ambayo nyumba kubwa mbili zina harusi. Kwa sisi wa Lamu kuna wakati mmoja unaofaa kuliko yote, nao ni siku zinazofuata Maulidi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, watu wa Amu walio mbali hurudi, mji hujaa, na wengi hubaki siku chache baada ya shughuli za Msikiti wa Riyadha kwisha kabla ya kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, kurudi makwao. Msiingize jambo la taarab ndani ya Maulidi yenyewe. Ngojeni yaishe kwa heshima yake, kisha mkutane.

Siku ikishapatikana itajwe kwa tarehe na saa. "Hivi karibuni" haimfanyi mtu atafute simu yake ya zamani kabatini.

Tangazo

Tangazo liwe fupi, litumwe na admini zaidi ya mmoja, na libandikwe juu ya grupu. Hili hapa linaweza kubadilishwa lifae:

"Asalaam aleikum wapenzi wetu. Baada ya kushauriana na wazee na waanzilishi, grupu hili litafungwa Jumamosi tarehe fulani, saa tatu usiku kwa saa za Kenya. Hapana ugomvi, wala hapana pesa iliyopotea. Hesabu itasomwa hapahapa. Kuanzia leo tunaomba kila aliye na ujumbe wa sauti wa maelezo ya nyimbo autume kwa nambari ya admini, hata kama ni wa miaka ya nyuma. Asiyetaka sauti yake au picha yake ihifadhiwe atuambie faraghani, nayo itafutwa bila kuulizwa sababu. Mwenye jambo lolote la moyoni asingoje siku ya mwisho."

Sentensi ya ugomvi na pesa ni muhimu. Msipoiandika, watu wataijaza wenyewe.

Siku za kwanza baada ya tangazo kutakuwa na kelele: wanaolia, wanaopinga, wanaosema wao watafungua grupu jipya kesho. Waacheni waseme, na msimjibu kila mtu. Anayetaka kufungua jipya aruhusiwe kwa moyo mweupe, ila asichukue jina la zamani.

Kuokoa sauti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo miezi miwili inapokwenda.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba grupu la WhatsApp halina ghala moja. Kila simu ina yaliyoingia tangu mwenyewe alipojiunga, ukitoa aliyoyafuta na yaliyopotea alipobadilisha simu. Faili ambayo hukuipakua wakati wake huenda isipakuliwe tena; utaambiwa umwombe aliyetuma aitume upya. Kwa hiyo msianze na simu ya admini kwa sababu tu ni admini. Mtafuteni mwanachama wa siku za mwanzo ambaye hajabadilisha simu, au aliyehamisha kila kitu kwa uangalifu alipobadilisha. Mara nyingi ni mtu mkimya ambaye hakuwahi kuandika chochote zaidi ya "maashallah".

Kuna njia mbili za kutoa. Ya kwanza ni kuhamisha mazungumzo ya grupu kwa chaguo lililomo ndani ya WhatsApp. Utapata faili ya maandishi yenye tarehe, jina na ujumbe, pamoja na picha na sauti ukizitaka. Njia hii ni nyepesi, lakini ina kikomo: grupu la miaka mingi litakupa maelfu ya ujumbe wa karibuni tu, na ukiambatanisha picha na sauti utapata pungufu zaidi. Fanyeni mara mbili, moja na sauti na nyingine bila, kwa sababu ile ya maandishi matupu hurudi nyuma zaidi na ndiyo itakayowaonyesha sauti gani ilikuwa jibu la swali gani.

Ya pili ni kuunganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya na kuingia kwenye mafaili yenyewe. Sauti zimo ndani ya folda ya WhatsApp Voice Notes, zimegawanywa kwa wiki. WhatsApp ilianza ujumbe wa sauti mwaka 2013, kwa hiyo msitafute za kabla ya hapo. Kila faili ina jina la namna hii: PTT-20190314-WA0027.opus. Tarakimu nane za kati ni mwaka, mwezi na siku, yaani 14 Machi 2019. Ukiwa na tarehe hiyo mkononi unarudi kwenye maandishi yaliyohamishwa, unatazama siku ileile, na unamjua aliyesema na alichokuwa akijibu. Tahadhari: folda hiyo ina sauti za mazungumzo yote ya mwenye simu, pamoja na za mkewe na za daktari wake. Mwenye simu aketi nawe, achague yeye. Usiondoke na folda nzima.

Sauti ikishapatikana, msiibadilishe. Ile ya opus ibaki kama ilivyo, na kando yake tengenezeni nakala ya MP3 kwa wanaotaka kusikiliza kwenye redio ya gari au simu ndogo. Kisha ipeni jina linalosomeka: tarehe, msemaji, wimbo. Baada ya hapo ingizeni mstari wake kwenye jedwali la kompyuta. Mstari wetu ulikuwa na vyumba hivi: jina la faili, msemaji, wimbo unaoelezwa, mtungaji wa maneno, mwimbaji, harusi au shughuli ilikoimbwa mara ya kwanza, fumbo na maana yake kwa kauli ya msemaji, na ruhusa. Chumba cha mtungaji kitawasumbua, kwa sababu watu humkumbuka mwimbaji na kumsahau mshairi. Msikiache wazi kwa uvivu. Ulizeni, kwani katika taarab yetu aliyetunga na aliyeimba mara nyingi ni watu wawili, na nusu ya maelezo ya wazee ni kuhusu yule asiyeonekana.

Mkiandika maneno ya sauti kwenye karatasi, andikeni kama alivyosema. Mzee wa Amu akisema "mato", pasiandikwe "macho". Akisema "ndia", pasiandikwe "njia". Si suala la kupamba lahaja tu. Mshairi alifunga vina vyake kwa -to, na ukimsahihishia umemharibia ubeti.

Jambo jingine, kabla siku hazijaisha wapelekeeni wazee maswali mapya. Kila jedwali lina mapengo, na mapengo hayo ni maswali tayari: hii harusi ilikuwa mtaa gani, huyu aliyepiga tabla ni nani, ubeti huu ulirukwa kwa nini kwenye kanda? Vijana wawili na simu moja, saa moja ya jioni, kahawa tungu na sahani ya kaimati. Wakati mwingine wiki mbili za mwisho hutoa maelezo mazuri kuliko mwaka mzima uliotangulia, kwa sababu sasa mzee anajua kwamba kinachokusanywa kitatunzwa.

Aliye na kanda za kaseti nyumbani asizitupe kwa kuwa "zipo YouTube". Kanda ya harusi iliyorekodiwa ukumbini haipo YouTube. Kanda ya dakika 90 ikinakiliwa kwa WAV hukaribia gigabaiti moja, na kwa MP3 nzuri ni kama megabaiti 130. Hifadhini ile ya WAV, sambazeni ile ya MP3.

Nakala ziwe tatu. Diski ya nje moja ibaki Lamu, ya pili ikae mji mwingine kwa mwanachama anayeaminika, na ya tatu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ile ya Lamu isiwekwe kwenye kabati lililoegemea ukuta wa mawe unaotoa unyevu. Iwe ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, kwenye chumba kikavu cha juu. Hewa ya bahari inakula chuma, na diski ni chuma. Makumbusho ya Lamu na maktaba iliyomo ndani ya ngome ni mahali pa kwenda kuuliza kama wangependa nakala. Nendeni na jedwali lililokamilika na barua ya ruhusa, si na flashi tupu isiyo na maelezo.

Ruhusa, na picha za kina mama

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na inahesabu sauti na picha ya mtu kuwa ni taarifa zake binafsi. Hata isingekuwapo sheria, aliyesimulia ndani ya grupu aliwasimulia watu anaowajua. Kumhamishia sauti yake kwenye hifadhi ya umma kunahitaji neno lake. Ruhusa ziwe za ngazi tatu: kwa familia tu, kwa waliokuwa wanachama, au kwa yeyote. Andikeni ngazi hiyo kwenye jedwali.

Nyimbo nazo zina wenyewe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, maneno na muziki hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtungaji, na rekodi miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Kanda nyingi mnazozipenda bado zimo ndani ya muda huo. Kutunza nakala kwa ajili ya kumbukumbu yenu ni jambo moja. Kuziuza au kuziweka hadharani kwa jina la grupu ni jambo jingine, na msilifanye.

Sasa picha. Kila grupu la taarab la miaka mingi lina vipande vya video vilivyovuja kutoka shughuli za wanawake: bibi harusi akiwa ndani, watu wakicheza bila buibui, mama wa watu akitunza mwimbaji kwa furaha yake. Wengine hukusanya simu mlangoni na bado video hutoka. Msimamo wangu hapa hauna mazungumzo. Vyote vifutwe. Visihamishwe, visinakiliwe "kwa kumbukumbu", visiombewe ruhusa kwa waume au kaka zao. Kazi ya kuvipitia wapewe wanawake wawili walioaminiwa na wenzao, na wakisema kipande kifutwe, kifutwe saa ileile. Ikiwa mwenyewe, kwa hiari yake, anataka nakala ya picha yake, wampe wao.

Pesa

Magrupu yetu huchanga: mwimbaji anaumwa, mwanachama kafiwa, udi wa fulani unahitaji nyuzi. Aliyeshika pesa atoe taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote kinachopatikana, aitoe orodha ya michango na matumizi, na isomwe grupuni angalau wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ili mwenye swali aulize. Kilichobaki kipigiwe kura. Ukiniuliza, kilipe diski na nauli ya kuzifikisha, na kinachozidi kiende kwa familia ya msanii aliyewahi kuwafurahisha na sasa ana shida. Deni la mtu na mtu si la grupu; wamalizane wenyewe.

Waliotangulia

Ndani ya grupu kuna nambari za watu walioaga dunia. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine, kwa hiyo nambari za marehemu zitolewe mapema, kwa utulivu, bila tangazo.

Sauti zao ni jambo zito zaidi. Kabla hamjafanya lolote, nendeni kwa familia. Msiwatumie faili ghafla kwenye simu. Mtoto akiwa sokoni akafungua ujumbe na kumsikia baba yake akicheka, hamkumtendea wema. Mtu mmoja aende nyumbani, aseme: "Tuna sauti za marehemu, ni maelezo ya nyimbo, hazina jambo la siri. Mngependa kuzisikia, na lini?" Wapo watakaosema si sasa. Wapo watakaosema zifutwe, kwa kuwa mzee wao mwishoni aliipa mgongo taarab. Fuateni neno lao. Wapo pia watakaowaita ndani, wawaite na wajukuu, na mtakaa mpaka magharibi mkizisikiliza moja baada ya nyingine, bibi mjane akisahihisha tarehe kutoka jikoni. Masahihisho hayo nayo yaandikwe.

Zipelekeni kwenye flashi mpya, zikiwa na majina ya faili yanayosomeka na karatasi ya orodha. Kati ya kazi zote za kufunga grupu, hii ndiyo ambayo ningeifanya hata kama ningeambiwa nichague moja tu.

Watu wasitawanyike bila kujua waendako

Si lazima kuwe na grupu jipya. Wiki za mwisho mwacheni kila mtu aseme anapenda kuendelea na nani: wapenzi wa udi upande wao, washairi upande wao, watu wa Maskati upande wao. Nambari zisigawanywe kwa orodha. Anayetaka ya mwenzake amwombe mwenyewe.

Usiku wa mwisho

Mkiweza kukutana, kutaneni kwenye nyumba yenye ua, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, baada ya isha. Walio mbali waunganishwe kwa simu. Ikiwa ni saa tatu usiku Lamu, Maskati ni saa nne, London ni saa moja au saa kumi na mbili jioni kulingana na majira yao, na Toronto ni saa nane au saa saba mchana. Atafutwe mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo simu tu: aisogeze karibu na anayesema, aangalie chaji, na awasomee walioko ukumbini maneno ya walioko mbali.

Msijaze usiku kwa nyimbo. Nyimbo mtazisikiliza maisha yenu yote. Pigeni sauti za maelezo, zile zilizochaguliwa, na baada ya kila moja mwacheni anayejua zaidi aongeze. Usiku huo urekodiwe wote. Halafu beti za kuaga, maana hatuwezi kuwa wapenzi wa taarab tukaagana kwa nathari. Waambieni watu mapema, mizani ni nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ubeti mmoja tu kwa kila mtu ili zamu iwafikie wote. Kwa asiyejua aanzie wapi, huu uwe mfano:

Nawaaga wenzi wangu, tuliokaa pamoja,
Nashukuru kila fungu, mlilotoa kwa hoja,
Sauti hizi si zangu, zirejee moja moja,
Akijaalia Mungu, baraza zinatungoja.

Dua kwa waliotangulia, halua, kahawa, watu waende. Hotuba za admini zisizidi dakika tatu.

Kufunga kwenyewe

Saa iliyotangazwa ikifika, badilisheni mpangilio ili maadmini peke yao waweze kuandika. Tumeni ujumbe wa mwisho wenye mambo matatu: shukrani, nambari ya kuuliza nakala, na tarehe ya kufuta. Liacheni likiwa limefungwa hivyo siku arobaini, ili aliyekuwa baharini au hospitalini arudi akute kila kitu na achukue chake. Kwenye Facebook kuna chaguo la kusimamisha grupu: watu husoma ya zamani lakini hawaandiki mapya. Litumieni kwanza, kufuta kuje baadaye.

Siku arobaini zikiisha, hakikisheni mara ya mwisho kwamba diski zote mbili zinafunguka kwenye kompyuta mbili tofauti. Ondoeni wanachama, admini wa mwisho awe wewe, ondoka, ufute. Fanyeni hivyo mchana, msiwe na haraka. Mtu akipiga simu kuuliza kwa nini ametolewa, mkumbushe kwa upole.

Baada ya hapo imebaki kazi ndogo ya kila mwaka. Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, pamoja na yote yaliyohifadhiwa ndani yake, kwa hiyo ile nakala ya mtandaoni inahitaji mtu wa kuingia. Tulichagua wiki inayofuata Idi ya Mfungo Mosi, ile ya baada ya Ramadhani, kwa kuwa hakuna anayeisahau. Watunzaji wawili, mmoja wa Lamu na mmoja wa mbali, wanaingia kwenye akaunti, wanafungua faili chache kutoka kila diski na kuzisikiliza mpaka mwisho, na iliyoharibika inanakiliwa upya kutoka kwa nakala nzima. Diski ikifikisha miaka mitano inunuliwe nyingine hata kama bado inafanya kazi. Mtunzaji akisafiri au akichoka, amkabidhi mwingine diski, neno la siri na lile daftari la masharti ya wazee, vyote vitatu kwa pamoja.